Kumzalisha mbwa nyumbani: tangu kuhesabu siku hadi watoto wafumbue macho

Mbwa anajua kuzaa kuliko sisi tunavyojua kumzalisha. Mara nyingi utaamka asubuhi ukute watoto sita wamejipanga kwenye chuchu, mama amelala ametulia, na wewe hukufanya lolote. Ndiyo maana wengi hudhani hakuna cha kujifunza. Lakini siku uzazi unapokwama, saa mbili au tatu tu ndizo zinazotenganisha mbwa hai na mbwa mfu, na mwenye mbwa asiyejua saa hizo zilianza kuhesabiwa lini hana msaada wowote.

Nililijua hilo kwa majonzi. Jike langu la kwanza, Doli, chotara wa German Shepherd, alianza kutoa ute wa kijani saa tatu usiku, mwezi wa Julai, Arusha. Nikajiambia ni maji ya uzazi, nikaenda kulala. Alfajiri nilimkuta amelala ubavu, amechoka kabisa, na hajazaa hata mmoja. Daktari wa mifugo alimpasua asubuhi ile. Wanne walitoka hai, watatu walikuwa wameshakufa tumboni. Ile rangi ya kijani ilikuwa na maana yake, nami sikuijua. Nitaieleza mahali pake. Kwa sasa shika hili moja: usiku wa kuzaa, kifaa chako cha kwanza ni saa, na cha pili ni daftari.

Hesabu siku tangu alipopandwa

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, miezi miwili na siku chache. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, wengi huzaa kati ya siku ya 58 na ya 68. Tofauti hiyo hutokana na kwamba mbegu za dume hukaa hai ndani ya jike kwa siku kadhaa zikisubiri yai lipevuke, kwa hiyo siku ya kupandwa si lazima iwe siku ya kutunga mimba. Akipandwa tarehe 1 Juni, weka alama kwenye kalenda tarehe 3 Agosti, kisha anza kumwangalia kwa makini tangu mwisho wa Julai. Akipandwa mara mbili au tatu, andika tarehe zote.

Kama hukuona alipopandwa (na mbwa wengi wanaofunguliwa usiku kulinda boma hupandwa bila mwenyewe kujua), mpeleke kwa daktari wa mifugo. Altrasaundi huonyesha mimba kuanzia wiki ya nne hivi. Eksirei ya baada ya siku ya 55 ina faida nyingine kubwa: mifupa ya watoto imeshakomaa, kwa hiyo inaweza kuhesabiwa. Kama uwezo wako unaruhusu kipimo kimoja tu, chagua hicho. Usiku wa kuzaa, kujua kwamba wako saba na wametoka watano ni tofauti kabisa na kubahatisha.

Siku ya 65 ikipita bila dalili yoyote, mpeleke akapimwe. Usingoje hata kidogo kama tumbo ni dogo na unashuku ana mtoto mmoja tu, kwa sababu watoto ndio wanaoanzisha uchungu, na mmoja peke yake wakati mwingine hatoshi kuuanzisha. Siku ya 70 isimkute bado yuko nyumbani.

Kuna mbwa ambao mwongozo huu si wao. Bulldog, French Bulldog na jamii zenye vichwa vikubwa na nyonga nyembamba mara nyingi hawawezi kuzaa bila upasuaji. Ukiwa na jike wa aina hiyo, panga upasuaji na daktari mapema, usijaribu nyumbani. Ni vivyo hivyo kwa jike aliyewahi kuvunjika nyonga, hata awe wa kienyeji. Wengi waliogongwa na gari au pikipiki hupona nje, lakini ndani njia imebaki finyu.

Chakula, na dawa za kukaa nazo mbali

Wiki tano za kwanza mlishe kama kawaida. Kuanzia wiki ya sita watoto wanakua haraka na tumbo la chakula linabanwa, kwa hiyo ongeza chakula kidogo kidogo hadi karibu nusu zaidi ya kile cha kila siku, na ukigawe mara tatu au nne. Ugali mtupu na mchuzi haujengi watoto. Changanya na dagaa waliooshwa chumvi, maini kidogo, utumbo uliochemshwa au mayai. Ukiweza, chakula cha dukani cha watoto wa mbwa kinamfaa sana jike mwenye mimba na anayenyonyesha.

Usimpe vidonge wala unga wa kalsiamu wakati wa mimba. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanamwongezea maziwa. Kumbe mwili ukizoea kupewa kalsiamu tele husahau kuichota kutoka kwenye mifupa, na siku maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi kalsiamu ya damuni huanguka ghafla. Hapo ndipo inapokuja homa ya maziwa, ambayo nitaigusa mwishoni.

Dawa ya minyoo apewe kwa ushauri wa daktari. Albendazoli, ile inayouzwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, inaweza kuwalemaza watoto tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe usimwogeshe nayo. Na dawa za maumivu za binadamu, iwe panado, aspirini au diklofenaki, zisimguse, si kabla ya kuzaa wala baada.

Sanduku la kuzalia

Wiki mbili kabla ya siku, mwandalie mahali umzoeshe kulala hapo. Ukichelewa, atachagua mwenyewe, na mbwa akijichagulia huingia chini ya ghala, nyuma ya kuni au shimoni, mahali ambapo mkono wako haufiki.

Sanduku liwe na urefu wa kumtosha kujinyoosha, na upana wa kumwezesha kugeuka bila kukanyaga mtu. Mbao za kawaida zinatosha. Ukingo wa mbele uwe wa sentimita 20 hivi, mama auruke kirahisi na watoto wasitoke. Ndani, pigilia ubao mwembamba kuzunguka kuta tatu, sentimita 10 kutoka sakafuni, ujitokeze ndani kama rafu ndogo. Mama anapojilaza akiegemea ukuta, mtoto aliye nyuma yake hupata nafasi chini ya ubao huo badala ya kubanwa. Watoto wengi hufa kwa kulaliwa, na ubao huo mmoja huwaokoa.

Sanduku liinuliwe juu ya matofali. Huku kwetu sababu si ubaridi wa sakafu tu. Ni siafu. Harufu ya damu na maziwa huwavuta, na siafu wakiingia kwenye kiota cha watoto wasioona wala kutembea, mama hawezi kuwaokoa wote. Kagua mahali hapo kila jioni, fagia pawe peupe, na umwage jivu la kuni nje kulizunguka. Mafuta ya taa usiyatumie. Watoto watavuta mvuke wake, na mama akiyakanyaga atayalamba.

Tandika magazeti mengi na juu yake mashuka makuukuu au magunia yaliyofuliwa, vitu ambavyo hutaona uchungu kuvitupa. Pumba za mbao hapana, huingia puani mwa watoto.

Vitu vya kuweka tayari

Viweke vyote kwenye beseni moja lenye kifuniko, wiki moja kabla:

- taulo ndogo au vitambaa safi visivyopungua kumi
- glavu za mpira, sabuni na ndoo ya maji safi
- mkasi uliochemshwa dakika 10, na uzi imara usio na rangi, uliochemshwa pia
- ayodini ya kusafishia vidonda
- kipimajoto
- mzani wa jikoni
- bomba la sindano lisilo na sindano, la kunyonya ute puani
- chupa za plastiki za maji ya moto, na soksi za kuzivisha
- katoni ndogo ya kuwekea watoto kwa muda
- tochi au taa ya chaji, kwa sababu umeme hukatika saa ile ile unayouhitaji
- saa, daftari na kalamu

Glavu ni kwa ajili yako pia. Mbwa wana magonjwa yanayopita kwa binadamu kupitia maji ya uzazi, na mama mjamzito ndani ya nyumba asishike vitu hivi.

Kuna maandalizi mengine yasiyoingia kwenye beseni. Tafuta namba za madaktari wawili wa mifugo na uwaulize mapema kama wanapokea simu usiku, na kama wanafanya upasuaji wa kuzalisha au wanatibu tu. Bwana mifugo wa kata anaweza kuwa mtu mzuri sana lakini hana chumba cha upasuaji. Aliye karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wa Nairobi wana kliniki ya chuo kikuu kule Kabete. Piga simu mapema ujue saa zao. Uliza bei, uiweke pesa hiyo pembeni. Kisha ongea na mtu mwenye gari aliyekubali kubeba mbwa. Bajaji na teksi nyingi hukataa, na saa nane za usiku si wakati wa kuanza kubembeleza.

Kipimajoto kinakuambia siku imefika

Kuanzia siku ya 58 mpime joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta laini, ukikiingiza kidogo tu njia ya haja kubwa. Kwa kawaida joto la mbwa ni kati ya 38 na 39. Likishuka chini ya 37.5, jiandae, uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Joto hilo hudumu chini kwa muda mfupi kisha hupanda tena, kwa hiyo ukipima mara moja kwa siku unaweza kulikosa. Saa 24 zikipita tangu liliposhuka na hakuna dalili ya uchungu, mpigie daktari.

Uchungu unapoanza

Hatua ya kwanza ni mlango wa uzazi kufunguka, na huoni kitu kwa nje. Mbwa anahema, anatetemeka, anakwaruza matandiko na kuyapanga upya, anakataa chakula, pengine anatapika, anaangalia ubavu wake kama anayeuliza kuna nini. Wengine hutaka uwe karibu nao, wengine hujificha. Hasukumi bado. Hali hii huchukua saa 6 hadi 12, na kwa anayezaa mara ya kwanza inaweza kufika saa 24.

Kazi yako hapa ni utulivu. Watoto wa nyumbani waende kucheza mbali, madume na mbwa wengine wafungiwe, majirani wasije kutazama. Mbwa mwenye hofu anaweza kuusimamisha uchungu wake. Muwekee maji. Akitaka kwenda haja, mtoe kwa kamba, na usiku uende na tochi, kwani mtoto wa kwanza anaweza kudondoka majanini.

Kuzaa kwenyewe

Utajua hatua ya pili imeanza ukiona tumbo linabana kwa nguvu, mgongo unapinda na mkia unanyanyuka. Hapo hapo tazama saa uandike. Daftari langu la uzazi uliofuata wa Doli linasomeka hivi: «Saa 3:40 usiku, anasukuma kwa nguvu. Saa 3:58, dume, gramu 420, kondo limetoka. Saa 4:35, jike, gramu 390, kondo bado.» Mistari kama hiyo ndiyo daktari atakayokuuliza kwenye simu. Bila hiyo utamwambia «muda mrefu kidogo», naye hataweza kuamua lolote.

Kwanza huonekana kifuko chenye maji, cheusicheusi au cha kijivu, kisha mtoto ndani yake. Mama akikipasua mwenyewe kwa meno, akamlamba mtoto usoni na kukata kitovu, wewe kaa ulivyokaa. Kule kulamba kwa nguvu, hata kama kunakutisha, ndiko kunakomfanya mtoto apumue.

Mtoto anaweza kutanguliza kichwa au miguu ya nyuma. Usihangaike ukiona miguu na mkia; karibu watoto wanne kati ya kumi huja hivyo, na ni kawaida. Kinachotisha ni mkia na makalio kuonekana bila miguu, kwa maana miguu imekunjwa mbele, au kichwa kuja kimepinda ubavu. Hao ni wa daktari.

Baina ya mtoto na mtoto hupita dakika 15 hadi saa moja. Katikati mama anaweza kupumzika hata saa mbili, amelala, anawanyonyesha waliokwisha kuzaliwa. Mapumziko hayo si tatizo. Tatizo ni kusukuma bila matokeo. Waliotoka waache wanyonye mara moja, kwa kuwa kunyonya kunachochea mji wa mimba uendelee kubana. Akianza kusukuma tena na kuzungukazunguka, wahamishie kwenye katoni yenye chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi, mahali anapowaona.

Kila mtoto ana kondo lake, nalo hutoka pamoja naye au dakika 5 hadi 15 baadaye, wakati mwingine mawili kwa pamoja baada ya watoto wawili. Yahesabu. Mama atataka kuyala, na hiyo ni desturi ya maumbile. Muachie mawili au matatu, mengine uyatoe, kwani akiyala yote ataharisha. Yaliyobaki yafukie kwenye shimo refu, juu juu fisi au mbwa wa jirani watayafukua.

Sasa ile rangi ya kijani. Hutoka kwenye kondo linapobanduka kutoka kwenye mji wa mimba. Baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa utaiona sana, ya kijani nzito hadi nyeusi, na haina neno. Lakini ikitoka kabla hajazaliwa yeyote, maana yake kuna mtoto ambaye kondo lake limeshaachia na hewa yake inakatika. Piga simu wakati huo huo. Mtoto asipotoka ndani ya nusu saa, mwe mmeshaingia garini.

Mtoto akinasa nusu ndani, nusu nje

Hili ndilo tukio pekee ambalo nakuambia utie mkono, maana huenda hana muda wa kufika kwa daktari. Vaa glavu, mzungushie mtoto kitambaa safi kilicholowa ili asiteleze, umshike mabega au nyonga, kamwe usimvute mguu mmoja wala kichwa. Subiri mama asukume. Anaposukuma, vuta taratibu kwa kuelekeza chini, upande wa visigino vya mama, kwa kuwa njia ya uzazi imepinda hivyo. Mama akiacha kusukuma, wewe pia acha, shikilia tu asirudi. Kama panakauka, paka jeli safi ya kulainisha. Majaribio machache yakishindikana, ondokeni.

Kuingiza vidole ndani kumtafuta mtoto asiyeonekana usithubutu. Na sindano ya oksitosini, ile ambayo muuza duka la dawa za mifugo anaweza kukuuzia kirahisi, usimchome. Ikiwa njia imezibwa na mtoto aliyelala vibaya, dawa hiyo itausukuma mji wa mimba dhidi ya ukuta, na unaweza kupasuka. Daktari huitumia baada ya kupima, nawe huna namna ya kupima.

Kitovu, na mtoto asiyepumua

Mama akiwa amechoka au haelewi la kufanya, hasa katika uzazi wake wa kwanza, usingoje zaidi ya dakika moja. Pasua kifuko kuanzia puani, kivue, futa mdomo na pua, nyonya ute kwa lile bomba. Kisha msugue mgongoni na kifuani kwa taulo kavu, kwa bidii, kama unayekausha nywele, kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Akilia, mkabidhi mama.

Kitovu kifunge kwa uzi sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, ukate upande wa pili wa fundo, uchovye ncha kwenye ayodini. Usikivute kuelekea nje ya tumbo, huleta ngiri.

Asiyelia, endelea kumsugua. Weka vidole viwili kifuani nyuma ya viwiko: moyo ukigonga, bado yupo. Funika pua na mdomo wake kwa midomo yako, umpulizie pumzi ndogo mno, ile inayojaa mashavuni tu, kila sekunde chache. Mapafu yake ni madogo kuliko kidole gumba. Usikate tamaa kabla ya dakika 15 au 20, mimi nimemwona mmoja akishtuka na kulia nilipokuwa nimeshainua mikono. Ile desturi ya kumrusha mtoto huku na huku kichwa chini ili maji yatoke, iache. Huumiza ubongo, na mtoto huteleza mkononi.

Wakati wa kumpigia daktari

Soma orodha hii leo, usingoje usiku wenyewe:

- Amesukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna mtoto.
- Anasukuma kwa udhaifu, anaacha, anarudia, na saa 2 zimepita.
- Amepumzika saa 2 na unajua bado wapo ndani. Zisifike 4.
- Ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza.
- Damu mbichi nyingi, au usaha, au harufu ya kuoza.
- Ameanguka, hawezi kusimama, ufizi umekuwa mweupe.
- Hatua ya kwanza imepita saa 24.

Mkiondoka, wabebe na waliozaliwa, kwenye katoni yao na chupa ya moto. Mama asafiri amelala, na mtu akae naye nyuma. Mara kadhaa mtingishiko wa barabara umemfanya jike azae garini, kwa hiyo chukua taulo.

Saa 24 za kwanza

Uzazi ukiisha mama hulala, pumzi hushuka, huwakusanya watoto. Mfute nyuma kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, badilisha matandiko, mpe maji na uji mwepesi wenye mchuzi wa nyama. Hataki kuondoka kwa watoto wake, mpelekee sahani pale pale.

Kila mtoto apate dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, mapema iwezekanavyo. Ndani yake mna kinga ya mama, na utumbo wa mtoto huweza kuipitisha hadi damuni kwa muda wa siku moja tu. Baada ya hapo mlango umefungwa. Mdogo kuliko wote husukumwa pembeni na wakubwa, mshikie chuchu za nyuma, ndizo zenye maziwa mengi.

Ubaridi huua watoto wa mbwa kuliko njaa. Wiki ya kwanza hawawezi kutetemeka wala kujitengenezea joto. Mahali walipo pawe na nyuzi 29 hadi 32. Dar es Salaam au Mombasa hali ya hewa inakusaidia, lakini Arusha, Mbeya, Iringa au Limuru mwezi wa Julai, mtoto aliyetengana na mama saa moja anaweza kupoa akafa. Chupa za maji ya moto zikiwa zimefunikwa, upande mmoja tu wa sanduku, ili anayeona joto ajisogeze. Kamwe usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa mkaa utamuua mama, watoto, na wewe uliyelala pembeni.

Mtoto aliyepoa usimlishe. Tumbo lake limesimama na maziwa yatachachia ndani. Mpashe joto kwanza, taratibu, ndani ya shati lako kwenye ngozi, nusu saa au zaidi, ndipo umweke kwenye chuchu.

Mama asipokuwa na maziwa, ya ng'ombe matupu hayatoshi, maana ya mbwa yana mafuta na protini karibu maradufu. Tafuta maziwa maalumu ya watoto wa mbwa kwa daktari. Kama ni usiku na huna, maziwa ya mbuzi au ng'ombe yasiyotolewa mafuta, yaliyokorogewa kiini cha yai, yatakuvusha hadi kesho. Mlishe kila baada ya saa 2 au 3, akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Kila baada ya kula, mpanguse nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu hadi akojoe, hawezi peke yake.

Wiki mbili zinazofuata

Wapime uzito kila siku, saa ile ile. Siku ya kwanza wanaweza kupungua kidogo, kisha kila siku waongezeke, na kufikia siku ya 10 hadi 14 wawe mara mbili ya walivyozaliwa. Asiyeongezeka kwa siku mbili ana tatizo, hata kama anaonekana mzima. Mzani huona kabla ya jicho.

Mama sasa anakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, usimbanie. Ute wa kahawia uliochanganyika na damu utaendelea wiki kadhaa, ukipungua. Ukianza kunuka, au joto lake likizidi 39.5, au chuchu ikawa ngumu, nyekundu na ya moto, huo ni ugonjwa unaohitaji dawa siku hiyo hiyo.

Homa ya maziwa huja zaidi katika wiki nne za kwanza, na huwapiga sana mbwa wadogo wenye watoto wengi. Jike anahema bila sababu, anatembea kwa miguu iliyokakamaa, anatetemeka, mwisho anaanguka na degedege. Watoe watoto kwenye chuchu mara moja na umkimbize kwa daktari. Anahitaji kalsiamu ya mshipani, naye hupona haraka akiwahi, au hufa siku hiyo hiyo akichelewa.

Viroboto watoe kwa kitana chenye meno membamba na kwa kufua matandiko kila siku. Mtoto wa wiki moja aliyejaa viroboto hukaukiwa damu, na dawa za kunyunyiza ni kali mno kwake.

Kati ya siku ya 10 na ya 14 macho hufumbuka, kwanza ufa mwembamba pembeni, kisha yote, yana rangi ya buluu ya maziwa. Usiyafumbue kwa vidole, ila ukiona kope zimevimba na usaha, zifute kwa maji ya uvuguvugu na umwone daktari. Wiki hiyo hiyo ya pili ndiyo ya dawa ya kwanza ya minyoo, kwa sababu minyoo ya mama huvuka kondo na kuingia kwa watoto kabla hawajazaliwa. Nenda na daftari lako, kipimo cha dawa hupangwa kwa uzito wa kila mtoto, na mama apewe ya kwake siku hiyo.